Ile C mbele ya wimbo

Wandugu, wengi wetu tuliimba korali na tuliona alama hizi mwanzo wa noti: 2/4, 3/4, 6/8, ao C. Tuliambiwa tu kama C ni 4/4. Kumbe C haiko herufi. Ni duara iliyokatwa.

Huko Ulaya, karibu 1280, Franco wa Cologne aliandika kama kugawanya noti kwa tatu ndiyo kukamilifu, juu ya Utatu Mtakatifu. Karibu 1320, Ufaransa, mafundisho ya Philippe de Vitry yalipatia mbili heshima sawa na tatu. Duara nzima ikaonyesha tatu, nusu duara ikaonyesha mbili. Ile nusu ndiyo C yetu ya leo. Basi kipimo cha wimbo ni mapatano ya watu, siyo sheria ya asili.

Namba ya juu inahesabu, ya chini inaonyesha aina ya noti. Lakini 3/4 na 6/8 zote ziko na noti fupi sita! Piga makofi: MOJA-mbili, TATU-nne, TANO-sita, hiyo ni 3/4. Kisha: MOJA-mbili-tatu, NNE-tano-sita, hiyo ni 6/8. Katika ngoma nyingi za Afrika, zote mbili zinakwenda pamoja: mkono moja mbili, mwingine tatu. Simha Arom, aliyechunguza muziki wa Waaka kule Afrika ya Kati, alionyesha katika kitabu cha 1985 kama pale mapigo yako sawasawa, hakuna pigo la kwanza lenye nguvu kuliko mengine. Sasa ule mstari wa kukata kipimo tutauweka wapi?

Wamisionari walileta nyimbo na vipimo vyao tayari, maneno ya Kiswahili yakawekwa chini. Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho. Pigo likianguka mahali pengine, tunaimba "mu-NGU", na tumezoea. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen na korali yake walitoa Missa Luba: iliundwa kwanza kwa kuimba pamoja, noti zikafuata nyuma. Mwaka 1988 Roma ilikubali misale ya majimbo ya Zaire.

Hapa Kpandroma jambo si la zamani. Vita imetawanya wazee wenye kujua nyimbo za kulima na za matanga. Siku moja, kwa mazoezi, kijana aliwasha kinanda kwa 4/4 kusudi afuate wimbo wa mavuno. Mama mzee akanyamaza, akasema: "Hiyo haiko yetu."

Alikuwa na haki. Tukiandika vibaya leo, watoto watajifunza kosa letu kama urithi. Basi turekodi kwanza na simu, sauti pamoja na makofi na miguu. Namba tutaichagua kisha, na mzee akiwa karibu.

Kwenu kuko nani anayekumbuka bado?