Ikulu ya Kampong Glam na Warithi Wake

Wapo wanafunzi wangu wanaoamini kwamba kuugawa mji kwa rangi za watu ni jambo lililobuniwa Dar es Salaam na Nairobi, na kwamba Uzunguni, Uhindini na Kariakoo hazina mfano kwingineko. Ningependa siku moja niwapeleke Kampong Glam, mtaa wa Wamalai na Waarabu katika jiji la Singapore, nilioutembelea kwa miguu siku mbili mfululizo. Ramani iliyochorwa kule mwaka 1822 kwa maagizo ya Stamford Raffles iliwatengea Wazungu sehemu yao, Wachina yao na Wahindi yao. Sultani wa Kimalai pamoja na Waarabu na Wabugisi wakapewa kipande cha mashariki, kando ya bahari. Hiyo ni takriban miaka 70 kabla Wajerumani hawajatunga kanuni zao za ujenzi za Dar es Salaam.

Jina lenyewe ni la zamani kuliko ramani hiyo. Kampong ni kijiji, na gelam ni mti ambao gome lake mabaharia wa Kimalai walilitumia kukalafati vyombo vyao. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini Sultani huyo alitoka wapi? Hapa ndipo penye kisa. Sultani Mahmud wa Johor alipofariki, mwanawe mdogo ndiye aliyetawazwa, naye alikuwa chini ya kivuli cha Waholanzi. Raffles, aliyekuwa akitafuta bandari kwa ajili ya Kampuni ya Mashariki ya Uingereza, akamwendea kaka mkubwa, Hussein, akamtambua kuwa Sultani halali, na tarehe 6 Februari 1819 akatia naye saini mkataba. Hussein akaahidiwa dola 5,000 za Kihispania kwa mwaka. Wazanzibari wanaijua mbinu hii: mwezi Agosti 1896 Waingereza walimkataa Khalid, wakaipiga ikulu kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, wakamkalisha Hamoud katika kiti. Kule Singapore hakukupigwa mzinga hata mmoja. Kiti kilitengenezwa kwanza, kisha mwenye kukikalia akaombwa atie saini.

Miaka mitano baadaye, mwezi Agosti 1824, mkataba wa pili ulikikabidhi kisiwa chote kwa Kampuni moja kwa moja. Sultani alilipwa fedha taslimu na kuahidiwa dola 1,300 kila mwezi. Nimesoma mikataba mingi ya kikoloni, na hii haina ulaghai wa ajabu. Bei imeandikwa waziwazi. Alichobaki nacho Hussein ni ardhi ya Kampong Glam, mahali pa kuishi na watu wake. Alifariki Melaka mwaka 1835, na mwanawe Ali ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa ikulu inayoonekana leo, jengo la ghorofa moja lenye kuta za manjano, rangi ya wafalme wa Kimalai. Kwa macho yaliyozoea majumba ya Forodhani ni jengo dogo, na ndiyo maana linahuzunisha.

Pembeni yake mtaa umechangamka. Barabara zinaitwa Baghdad, Basra, Kandahar, Muscat. Katika Mtaa wa Muscat kuna matao ya mawe yaliyosimamishwa mwaka 2012 kwa ushirikiano na Omani. Hata hivyo Waarabu waliojenga jina hapa, akina Aljunied, Alsagoff na Alkaff, asili yao ni Hadhramaut, bonde lilelile lililotuletea Washihiri na masharifu wa Lamu, Mombasa na Unguja. Walifanya biashara ya meli, majumba na mahujaji, wakaweka wakfu misikiti na madrasa. Kabla ya zama za ndege, mahujaji kutoka visiwa vya Kimalai walikusanyika katika Mtaa wa Basra wakisubiri meli ya Jeddah. Siku hizi wanaokaa kwenye baraza zile ni watalii wenye glasi za juisi.

Muuza manukato mmoja alinisalimu kwa Kimalai: apa khabar. Nikamjibu kwamba kwetu tunasema habari gani, akacheka, tukaanza kuhesabu maneno: kitabu, sababu, fikiri, dunia, sultani, wakfu, kaburi. Lugha zetu mbili ziliwahi pia kuandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwaka 1876 Singapore ilikwisha kuwa na gazeti la Kimalai kwa hati hiyo.

Msikiti wa Sultani, uliokamilika mwaka 1932, ulichorwa na msanifu wa Kiairishi, Denis Santry. Chini ya kuba zake za dhahabu kuna ukanda mweusi, na ukiukaribia unaona kwamba ni vitako vya chupa. Inasimuliwa kwamba maskini wasiokuwa na fedha za kuchangia waliombwa watoe chupa, ili nao wawe na sehemu yao katika jengo. Kati ya vyote nilivyovikuta katika mtaa huo, hicho ndicho nilichokitazama kwa muda mrefu zaidi.

Turudi kwenye ikulu. Baada ya Ali kufariki mwaka 1877, wazao wake waligombania urithi mahakamani. Hukumu ya mwaka 1897 haikumpa ushindi yeyote kati yao: iliamuliwa kwamba ardhi ni mali ya serikali. Sheria ya mwaka 1904 ikawaruhusu wazao kupata mapato fulani kutokana nayo, nao wakaendelea kuishi ndani, kizazi baada ya kizazi, hadi nyumba ikachakaa na kufurika watu. Mwaka 1989 mtaa ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Miaka kumi baadaye serikali ikawaondoa wakazi wa ikulu kwa kuwalipa, ikaikarabati, na mwaka 2005 ikafunguliwa kuwa Kituo cha Urithi wa Kimalai.

Ndugu zangu mlioko ofisi za ardhi na mipango miji mtasema taratibu zilifuatwa, na ni kweli. Hukumu ipo, sheria ipo, malipo yapo. Jengo nalo limepona, tofauti na Beit al-Ajaib yetu iliyoporomoka sehemu mwezi Desemba 2020 huku kila mtu akijua ina nyufa. Mimi siwezi kuwacheka Wasingapore. Ninachouliza ni hiki: ule urithi unaoelezwa katika ikulu hiyo ni wa nani, ikiwa sharti la kuuonyesha lilikuwa ni kuwatoa warithi? Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kila jumba linalogeuzwa kuwa hoteli lina familia iliyohamia ng'ambo na kuacha mlango uliochongwa.

Makaburi ya wafalme yapo jirani, Jalan Kubor, chini ya miti mikubwa. Baadhi ya mawe yamevishwa kitambaa cha manjano, na kitambaa hakidumu katika mvua za kule. Yupo anayekuja kukibadilisha.