Kujenga Nyumba ni Jambo Moja, Kujenga Mtaa ni Lingine: Funzo la Nairobi Tangu 1899

1. Kila mjadala wa nyumba za bei nafuu ukianza, iwe ni kwenye runinga, kwenye baraza au hapa mtandaoni, swali la kwanza huwa ni idadi. Wamejenga ngapi? Upande mmoja unasema nyingi, ule mwingine unasema hakuna kitu, na tunakwama hapo. Uzi huu hauna chama. Nataka turudi nyuma kidogo tuangalie mitaa ya Nairobi. Jiji hili limejaribu karibu kila njia ya kuwapa watu makao, na matokeo ya kila njia bado tunaishi nayo.

2. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Serikali ya mkoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kama mgeni: alikuja kufanya kazi, avae kipande shingoni, kisha arudi kwao. Ukimwona mtu kama mgeni, humpangii shule ya watoto wake. Ndiyo maana nyumba za kwanza za wafanyakazi, kama zile landi za reli pale Muthurwa, zilikuwa vyumba vidogo vya mwanamume asiye na familia. Kitanda, paa, na foleni ya maji. Mtaa haukuwa kwenye hesabu.

3. Lakini watu hawakungoja ruhusa ya kuishi. Vijiji kama Pangani vilikua vyenyewe, na huko Waafrika, wengi wao wanawake, walijenga nyumba zao na kupangisha vyumba. Serikali ikaanzisha Pumwani miaka ya mwanzo ya 1920 ili kuwakusanya mahali pamoja, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa, wenye nyumba wakaelekezwa Shauri Moyo. Hapo ndipo tunaona mtindo ambao tumeurithi mpaka leo: mpango unachorwa ofisini, wakaaji wanapata habari tingatinga likiwa njiani.

4. Ukitembea Majengo leo utaona kitu kimoja. Sehemu ya Pumwani ambayo watu waliruhusiwa kujijengea, nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote, zilizaa mtaa wenye misikiti, biashara, ndoa na jina. Huwezi kusema ni Pumwani yote ilikuwa starehe. Msongamano ulikuwepo, maji taka yalikuwepo. Ila ilikuwa na wenyewe.

5. Miaka ya 1940 mambo yalibadilika. Vita vya Pili vya Dunia na migomo ya wafanyakazi iliwafanya wakubwa wakubali kwamba Mwafrika wa mjini ana mke na watoto. Ndipo Kaloleni ikajengwa, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishika mwiko. Nyumba za chini, nyasi katikati, miti, zahanati, na ukumbi wa jamii. Ramani kuu ya Nairobi ya 1948 nayo ilisema jiji lipangwe kwa vitongoji, kila kimoja na shule na huduma zake karibu. Ramani hiyo ilitoka kwa wataalamu wa Afrika Kusini na iliheshimu ubaguzi wa rangi uliokuwepo. Hilo tusilifiche. Lakini wazo la kwamba nyumba huandamana na shule, uwanja na ukumbi lilikuwa sahihi.

6. Na angalia kilichotokea. Ukumbi wa Kaloleni, ambao ulikusudiwa dansi na mikutano ya ustawi, uligeuka mahali pa kujadili uhuru. Viwanja vya Eastlands vilitoa wachezaji wa kandanda kizazi baada ya kizazi. Nenda Camp Toyoyo kule Jericho siku ya mashindano, utaelewa uwanja mmoja unaweza kubeba mtaa mzima. Hakuna bajeti iliyoandika "hapa tutazalisha viongozi na wachezaji." Walipewa nafasi tu, kazi iliyobaki wakaifanya wenyewe.

7. Twende Buruburu. Ujenzi ulianza 1973, ukaendelea awamu kwa awamu mpaka ya tano, kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba karibu 5,000 za kununuliwa kwa mkopo wa muda mrefu. Zilipangwa kwa koti: nyumba kadhaa zinaangaliana, watoto wanacheza katikati, mama akiwa jikoni anaona. Kulikuwa na nafasi za shule za chekechea, maduka, makanisa. Ukimuuliza yeyote aliyekulia Buru miaka ya 80, atakutajia koti yake kabla ya nambari ya nyumba.

8. Basi iliharibikia wapi? Haikuharibika mara moja. Mwenye nyumba aliongeza chumba mbele, jirani akaongeza viwili, wa tatu akapandisha ghorofa. Kila mmoja alikuwa na sababu: karo, kustaafu, mtoto ameoa. Lakini mabomba ya maji na ya maji taka yalibaki yale yale ya miaka ya 70. Nafasi za umma zikaanza kupata wenyewe wa siri, asubuhi unaamka unakuta mabati yamezungushwa. Buruburu haikukosa ramani nzuri. Ilikosa mtu wa kuilinda ramani baada ya wajenzi kuondoka. Kitu hicho ndicho wanasiasa hawakipendi kukizungumzia, maana utunzaji hauna utepe wa kukata.

9. Wakati huo huo, upande wa pili wa Eastlands, kulikuwa na jaribio kubwa zaidi. 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuisaidia serikali na Halmashauri ya Jiji kutengeneza Dandora: ploti 6,000 za watu wa kipato cha chini. Badala ya kukupa nyumba nzima, ulipewa ploti yenye choo, bafu, maji na njia ya maji taka, na mkopo wa kununua vifaa. Vyumba unajijengea mwenyewe, polepole, ukipata. Wengine waliungana vikundi, wakachanga na kujengeana kwa zamu, kama vile chama cha akina mama kinavyofanya mpaka leo.

10. Wapo wanaosema Dandora ilifeli. Wapo wanaosema ilifaulu. Ukweli una pande mbili. Maelfu ya familia zilipata pa kuanzia, na shule zilijengwa kwenye mpango. Wenye ploti walikaa chumba kimoja wakapangisha vingine, na hela hiyo ikasomesha watoto. Lakini wengi waliuza au wakahama, na mabwana nyumba wakapandisha maghorofa yenye chumba kwa chumba. Na kulikuwa na kosa ambalo mwenye ploti asingeweza kulirekebisha kwa mikono yake: jaa la taka la jiji zima liliwekwa hapo mlangoni, miaka hiyo hiyo ya 70.

11. Jaa hilo la takriban ekari 30 lilitangazwa kuwa limejaa 2001. Taka bado zinamwagwa. Utafiti wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na karibu nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Hapa ndipo unaelewa maana ya upangaji. Nyumba yako inaweza kuwa na kila kitu, lakini aliyeamua nini kiwekwe jirani yako ndiye aliyeamua afya ya mtoto wako. Na siku ya kuamua, wewe hukuwepo.

12. Hata hivyo Dandora haijakaa ikilia. Vijana wa huko walichukua zile koti za katikati ya ploti, ambazo zilikuwa zimegeuka jalala na maficho ya wahalifu, wakazisafisha, wakapanda nyasi, wakapaka rangi, wakaweka geti. Wakaaji huchanga kidogo kila mwezi kwa usafi na ulinzi. Koti moja ikafuatwa na nyingine, mpaka ikawa mashindano. Sasa jiulize: wangefanya nini kama ramani ya 1975 haingeacha nafasi hiyo? Nafasi iliyoachwa wazi iliwangoja miaka arobaini.

13. Tukija karibu na sasa, kuna Kibera. Mpango wa kuboresha makazi ulianza miaka ya 2000, na 2009 familia za Soweto Mashariki zikahamishiwa nyumba 600 kule Lang'ata ili kwao kujengwe. Watu wakapaita Kanani, nchi ya ahadi. Ahadi ilichukua muda, kesi zilikwenda mahakamani, na nyumba 822 zilikamilika 2016. Zina maji, zina vyoo, na waliohamia hawataki kurudi kwenye mabati. Lakini aliyekuwa anachoma mahindi mbele ya mlango wake, sasa akiwa ghorofa ya nne, anachoma wapi? Wako waliopangisha nyumba yao mpya wakarudi walikotoka. Kabla hujamwita mtu huyo mjanja au mjinga, piga hesabu ya mfuko wake.

14. Mukuru ilijaribu njia tofauti. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la upangaji. Tunazungumzia kaya karibu 100,000. Mashirika zaidi ya 40 yaliingia, ya sheria, afya, maji, elimu, na katikati yao Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakaaji wa mitaa ya mabanda. Kila nyumba kumi zilichagua mwakilishi, vikundi hivyo vikaungana vikubwa zaidi, wakavipa jina zuri: Tujuane Tujengane.

15. Hiyo ndiyo maana ya mwananchi kushirikishwa. Siyo kuitwa hotelini asubuhi, kupewa soda, kutia sahihi karatasi ya mahudhurio. Watu walikaa na ramani. Wakaelezwa kwamba barabara zikifuata upana wa kawaida wa sheria, maelfu watabomolewa. Wakapendekeza barabara nyembamba zaidi, baadhi za kupitisha miguu na mikokoteni. Wakasema mahali maji yanasimama wakati wa mvua, jambo ambalo picha ya setilaiti haikwambii. Baadaye barabara, maji na mabomba ya maji taka yakaanza kuingia.

16. Halafu ikaja 2021. Miezi ya mwisho ya mwaka huo, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu kwa maelfu ya watu wakalala nje. Mtaa ule ule uliokuwa umetajwa kama mfano kwa dunia. Funzo lake ni chungu: mpango wa wananchi bila ulinzi ni karatasi. Kama idara moja inaheshimu ramani na nyingine haijaisoma, anayeumia ni yule aliyeamini.

17. Turudi kwenye mjadala wa leo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na usafi wa viwango vinavyofaa. Sheria ya 2019 ya upangaji wa matumizi ya ardhi inasema mpango wa eneo lako uwekwe wazi uuone, na una haki ya kutoa maoni au kupinga. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wako, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria hiyo yenyewe inasema pesa hizo ni za nyumba pamoja na miundombinu ya kijamii inayoambatana nazo. Kwa hiyo ukiuliza habari ya shule na zahanati, hauko nje ya mada. Uko ndani ya sheria.

18. Unaweza kuunga mkono makato hayo au kuyapinga, hiyo ni haki yako. Lakini kiongozi yeyote, wa upande wowote, akisimama mbele yako na picha ya maghorofa, muulize haya:

Watoto wa nyumba hizi watasoma wapi, na shule hiyo ina madarasa mangapi leo?

Mama mboga, fundi viatu na wa bodaboda wamepangiwa wapi?

Bomba la maji taka linaishia wapi, na lilitengenezwa kubeba watu wangapi?

Hati ya uwanja na nafasi za wazi iko kwa jina la nani?

Waliokuwa wakiishi hapa kabla ya ujenzi wako wapi sasa, na waliandikiwa nini?

Nani atatengeneza lifti, taa na paa mwaka wa kumi?

Nani alikaa mezani ramani ikichorwa?

19. Mtu asikudanganye kwamba maswali haya ni ya kuchelewesha maendeleo. Kaloleni ina zaidi ya miaka 70 na watu bado wanaililia. Ziko ploti Nairobi zilizojengwa juzi ambazo kila mpangaji anahesabu siku za kuhama. Tofauti haikuletwa na simiti. Ililetwa na nafasi iliyoachwa kwa maisha, na watu waliopewa nguvu ya kuilinda.

20. Kama kuna mradi karibu na wewe, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uombe kuona ramani ya eneo. Nendeni wawili au watatu, mpeleke barua, mbaki na nakala yenye muhuri. Mkisikia tangazo la kikao cha maoni ya umma, msiwaachie wale wanaobebwa na matatu ya kukodiwa. Na kama unajua historia ya mtaa wako, uwanja uliokuwepo, ukumbi uliofungwa, mto uliofukiwa, iandike hapa chini. Kumbukumbu hiyo ndiyo ushahidi tutakaohitaji siku mabati yakizungushwa.