Kabla ya kubishana kuhusu bastola, pitieni Garissa

Kila shambulio likitokea, mjadala unarudi palepale: raia waruhusiwe silaha wajilinde wenyewe. Na hakosi mtu wa kuposti picha ya rivolva kubwa, .44 Magnum au hata zaidi, na kuandika "hii ndiyo dawa ya majambazi". Sawa. Tuipeleke hiyo hoja Kaskazini Mashariki tuone kama itasimama.

Ukubwa wa bastola haunisumbui sana. Waingereza walianza kuwapa wanajeshi wao Webley ya .455 mwaka 1887, wakiamini risasi pana humwangusha mtu papo hapo. Kufikia 1932 walikuwa wamehamia rivolva nyepesi ya .38, maana ile kubwa ilihitaji mazoezi mengi ndipo mtu alenge vizuri. Jeshi zima liliona ni mzigo, halafu wewe unataka kuiweka chini ya mto.

Swali linaloniuma ni lingine: nani huitwa "anayejilinda", na nani huitwa shifta?

Mkoloni alilifunga eneo la NFD, ukiingia au kutoka ni kwa kibali. Sheria ya wilaya maalum ya 1934 ikaruhusu serikali kukamata watu na kutwaa mifugo ya "kabila hasimu", yaani kosa la mmoja linalipwa na ukoo mzima. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963. Siku 16 baadaye, tarehe 28, hali ya hatari ikatangazwa huko kwa sababu ya vita vya shifta, na kupatikana na bunduki bila kibali kukawa kosa la kunyongwa. Hiyo hali ya hatari iliondolewa 1991. Hebu pigeni hesabu wenyewe.

Ndani ya miaka hiyo ndiyo kuna Garissa ya Novemba 1980. Maofisa wa serikali waliuawa kwa risasi, na jibu likawa kuchoma Bulla Kartasi na kuwakusanya wakaazi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Halafu Wagalla, Wajir, Februari 1984. Operesheni ilikuwa ya kuwapokonya Wadegodia silaha. Wanaume walirundikwa kwenye uwanja wa ndege, juani, bila maji, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikasema huenda walikaribia 1,000.

Kwa hivyo ukimwambia mzee wa huko "silaha ni haki ya kujilinda", yeye anakumbuka kwamba bunduki ya jirani mmoja ilitosha kumpeleka kaka yake uwanjani.

Na msidhani hatari haikuwepo. Serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, AK-47 zilivuka mpaka kama sukari. Rivolva ya risasi 6 haikusaidii hapo, hata iwe nzito vipi. Serikali yenyewe ilijua polisi hawatoshi, ndiyo maana ikawapa wanavijiji bunduki kama askari wa akiba, KPR. Miaka mingi walifanya kazi hiyo bila mshahara. Lakini bunduki ni ya serikali, ikitaka inaichukua.

Sasa linganisheni. Westgate, Septemba 2013, raia wa Nairobi wenye leseni waliingia na bastola zao wakatoa watu, na tuliwaita mashujaa. Kwa haki kabisa. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, washambuliaji wanne waliua watu 148, na kikosi maalum kilikuja kutoka Nairobi saa nyingi baadaye.

Sheria ya silaha, Sura ya 114, inataka mwombaji awe na sababu nzuri na asiwe tishio kwa usalama wa umma. Ni maneno machache, ila anayeamua "tishio" ni nani ni ofisa. Mimi sipingi leseni, na wala siungi mkono kila mtu abebe. Ila mwanasiasa akisimama jukwaani kuuza hii sera, muulizeni kama mfugaji wa Ijara ataandikiwa leseni kwa fomu ileile ya mfanyabiashara wa Westlands. Akianza kuzungumzia "hali maalum ya eneo hilo", mjue hayo maneno yalikuwepo 1934.