Nchi za Angani za Karani wa Tanga: Shaaban Robert na Riwaya za Kifantasia

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ningependa kuanza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa Kidato cha Tatu historia ya riwaya ya Kiswahili. Nilipofika kwenye Kufikirika ya Shaaban Robert, niliandika ubaoni mwaka wa 1967, kisha nikaanza kueleza kwa madaha. Niliwaambia kwamba huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na kwamba muda mfupi baada ya Azimio hilo Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Kwa hivyo, nikahitimisha, yule mwalimu wa mwana wa mfalme anayefukuzwa kazi kwa kuleta mbinu mpya za kufundisha ni sauti ya Tanzania iliyokuwa ikijitafutia elimu yake.

Binti mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu, Shaaban Robert alikufa mwaka gani?" Nikamjibu: 1962. Hakuongeza neno. Wenzake walipiga hesabu, kisha darasa zima likacheka, nami nikafuta ubao.

Makala haya yametokana na swali hilo. Yanalenga kuonyesha kwamba riwaya za kifantasia za Shaaban Robert hazieleweki vyema tukizipanga kwa mwaka wa chapa peke yake. Sharti tuzisome kwa kuzingatia maisha ya mtu aliyeziandika, kazi iliyomlisha, na serikali aliyoitumikia. Tukifanya hivyo, fantasia yake itakoma kuwa pambo la hadithi, nasi tutaona ilivyokuwa nyenzo ya kusemea yale ambayo mtu wa cheo chake hangeyasema waziwazi.

Karani na kalamu yake

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, na mwaka huo huo wa 1926 akaajiriwa kuwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya hadi 1944. Kisha alipelekwa Longido, karibu na mpaka wa Kenya, alikokaa hadi 1946. Baadaye alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya hadi 1952, na katika ofisi ya upimaji ardhi hadi 1960. Aliaga dunia Juni 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kujipatia uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Hebu jumlisha miaka hiyo. Kuanzia ujana wake hadi miaka miwili kabla ya kufa kwake, mwandishi huyu alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Vitabu vyake vya hadithi, mashairi, insha na wasifu aliviandika akiwa na ajira hiyo. Serikali hiyo hiyo ilimtunukia nishani ya MBE, na maandishi yake yakampatia Tuzo ya Margaret Wrong. Kwa upande wa uchapishaji, tangu 1930 palikuwa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo ilisanifisha lugha na pia kutoa ithibati kwa vitabu vya Kiswahili vilivyokusudiwa shule. Baadaye Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe wa kamati hiyo.

Mtu wa namna hii angewezaje kuandika kwamba watawala huwafunga wanaowaletea maarifa? Angewezaje kusema kwamba raia hawezi kupata haki pale ambapo hairuhusiwi kuijua sheria? Jibu lake lilikuwa kujenga nchi isiyokuwepo katika ramani yoyote ya ofisi aliyoifanyia kazi.

Kufikirika: riwaya iliyosubiri

Kufikirika iliandikwa 1946, mwaka ambao mwandishi alitoka Longido na kurudi Tanga. Ilichapishwa Nairobi na Oxford University Press 1967, yaani miaka ishirini na mmoja baadaye, mwandishi akiwa kaburini kwa miaka mitano. Hapa ndipo nilipojikwaa mimi, na nachelea kusema kwamba si mimi peke yangu.

Mfalme wa Kufikirika hana mtoto. Waganga wa kila aina wanaitwa, kundi baada ya kundi, kila kundi na mbinu zake. Mtoto anapopatikana, mzozo unahamia kwenye malezi: mwalimu wake anakiuka desturi ya ufundishaji naye anafukuzwa. Mtoto anapougua, inaaminika kwamba atapona tu ikiwa watatolewa kafara watu wawili, mjinga na mwerevu.

Ukiirejesha riwaya hii katika mwaka wake wa 1946, utaona kwamba ilitangulia kuliuliza swali ambalo waraka wa 1967 ulikuja kulijibu kwa njia yake. Mwandishi hakuwa akiitikia siasa za wakati wa Azimio. Alikuwa raia wa koloni, tena mmoja wa Waafrika wachache wa rika lake waliobahatika kupata cheti cha shule, akijiuliza elimu ni ya nini na nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Kafara nayo inapata uzito mpya. Dola iliyo tayari kumchinja mjinga na mwerevu kwa kisu kimoja haijali tofauti kati yao. Hivyo, elimu peke yake haimlindi mtu mbele ya watawala wasiosikia.

Kusadikika: kesi ya Karama

Kusadikika ilichapishwa na Nelson 1951, wakati mwandishi alipokuwa katika ofisi ya wilaya mjini Tanga. Hii ni nchi inayoning'inia angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini ili wailetee nchi yao mambo ya manufaa. Kila mmoja alivumilia taabu za safari. Kila mmoja alirejea na hazina ya maarifa. Na kila mmoja alitupwa gerezani.

Aghalabu tunawafundisha wanafunzi kwamba Majivuno ni mkoloni na Karama ni mpigania uhuru. Ufasiri huo una msingi, ila unaibana riwaya. Majivuno hakutoka ng'ambo. Yeye na baraza lake ni Wakusadikika, na waliofungwa ni wananchi wenzao waliotumwa na nchi hiyo hiyo. Kama mwandishi angetaka kumchora Mwingereza tu, angempa Majivuno asili ya kigeni. Hakuna kilichomzuia katika nchi ya kubuni. Kwa maoni yangu, alikuwa akiichunguza tabia ya utawala wowote unaoogopa raia anayejua haki zake. Ndiyo sababu msomaji aliyeisoma Kusadikika miaka ya sabini au ya themanini, bendera ya mkoloni ikiwa imekwisha kushushwa, hakuhisi kwamba hadithi ilikuwa imechakaa.

Tunapaswa pia kutambua silaha ya Karama. Hapigi mtu wala hatoroki. Anasimama kizimbani na kutoa ushahidi mpaka baraza linakubali kwamba yeye na wale wajumbe hawana hatia. Huyo ni shujaa aliyebuniwa na karani, mtu aliyeyajua majalada na mashauri, na aliyeamini kuwa neno likiwekwa sawasawa linaweza kufungua mlango wa gereza.

Adili na Nduguze: hadithi ya kuazima

Mwaka uliofuata, 1952, ilitoka Adili na Nduguze. Mizizi yake imo katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdullah bin Fadil na ndugu zake. Hata hivyo, mwandishi hakuhamisha kisa kizima kizima. Basra inakuwa Janibu, Harun al-Rashid anakuwa mfalme Rai wa Ughaibuni, na ndugu waliogeuzwa mbwa wanakuwa manyani. Majina ya watu yanakuwa majazi: Adili, Hasidi, Mwivu.

Ikibali, aliyetumwa na mfalme Janibu kufuatia kodi iliyochelewa, ndiye anayegundua kwamba kila usiku liwali Adili huwalisha manyani wawili na kisha kuwachapa. Manyani hao ni nduguze waliomfanyia hiana. Amri ya kuwachapa ni ya Huria, jini aliyemwokoa. Kodi iliyochelewa inafungua mlango wa siri ya nyumbani. Sioni ajabu kwamba mtu aliyekaa forodhani miaka kumi na minane alikipenda kisa hiki. Swali lake ni zito kuliko majini yake: mtumishi mwema afanyeje anapoamriwa kila usiku kuwaadhibu ndugu zake? Adili anatii huku akilia. Ni mfalme Rai anayewaombea manyani msamaha mpaka wanarudishiwa ubinadamu wao.

Je, alikuwa mwoga?

Mwanafunzi mwerevu atauliza kama kujificha nyuma ya nchi za kubuni si woga. Nakubali kwamba swali hili ni la haki, na tusilizime kwa kumwita mwandishi Shekspia wa Afrika Mashariki halafu tukafunga daftari.

Zipo hoja mbili za kujibu. Kwanza, Shaaban Robert hakuikimbilia fantasia kwa kukosa njia nyingine. Maisha Yangu, ya 1949, ni tawasifu. Siku ya Watenzi Wote, iliyochapishwa 1968, imewekwa Dar es Salaam, na katika Utubora Mkulima, ya mwaka huo huo, mhusika anaacha kazi ya ofisini ili arudi shambani. Aliweza kuandika juu ya dunia hii inayoonekana, kwa hivyo fantasia ilikuwa uteuzi wa makusudi. Pili, fumbo lilimwezesha kusema na watu wengi kwa mara moja: afisa aliona hekaya ya mafunzo mema, na msomaji aliyeonja maonevu akajiona mwenyewe.

Mbinu hiyo haikufa naye. Hapa Kenya, Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka wa 1986, alichapisha Walenisi mwaka wa 1995. Jina la nchi hiyo ya mbali, likitamkwa polepole, linatwambia kwamba wale ni sisi. Msomaji wa Kusadikika hatapata shida kuitambua njia hiyo.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, ninapendekeza jambo moja dogo. Unapofundisha kazi za mwandishi huyu, chora safu tatu ubaoni: mwaka wa kuandikwa pale unapojulikana, mwaka wa kuchapishwa, na kazi aliyokuwa akiifanya mwandishi wakati huo. Kuorodhesha majazi na maana zake ni hatua ya kwanza tu, ingawa mara nyingi ndiyo hatua tunayoishia kwa kuwa inaleta alama za haraka katika mtihani. Mwanafunzi anapoona kwamba Karama alizaliwa mezani mwa karani wa ofisi ya wilaya, ataacha kukariri majina na kuanza kuuliza maswali.

Yule binti aliniuliza swali moja tu, na somo langu lote likaanguka. Tangu siku hiyo ninaingia darasani na safu zangu tatu, na huanza kwa kuwauliza wanafunzi swali lake.