Upepo wa Tairi

Kwa fundi wa magurudumu, kilichomo ndani ya tairi ni upepo: hujazwa, hupungua, huisha. Nalipenda neno hili, hasa ninapofikiria pikapu ya kawaida inayoandaliwa kwa mchanga wa Wahiba, Oman. Wengi huanza na springi ndefu na taa za juu ya paa. Vina kazi yake, lakini haviikwamui pikapu mchangani kama kupunguza upepo: kutoka psi 35 hivi hadi karibu 15, tairi hulala, hutanda juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukirudi kwenye lami, jaza tena, maana tairi laini likienda kasi hupata moto na kupasuka. Ndiyo maana mimi ningenunua pampu kwanza.