Ifakara, Mji wa Mpakani



Wapendwa waamini, tukisikia "mji wa mpakani" fikra zetu hukimbilia Namanga au Tunduma. Lakini Ifakara nayo ni mji wa mpakani. Mto Kilombero, unaoungana na Luwegu kuwa Rufiji, uliitenga kwa miaka mingi na Ulanga pamoja na milima ya Mahenge.

Ukingoni hapo walikutana Wandamba, wavuvi na wapiga kasia hodari. Wambunga, waliofika katika karne ya 19. Na Wapogoro kutoka milimani. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliifikia Mahenge, na baada yake ikaja njaa. Imani nayo iliuvuka mto huu. Wabenediktini walitangulia Kwiro. Kuanzia miaka ya 1920 Wakapuchini wa Uswisi waliendeleza kazi, pamoja na masista wa Baldegg. Ndiyo mizizi ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Na mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo, likizaliwa kutoka Mahenge.

Sisi wa Mngeta twafika Ifakara bila kuuvuka mto huo. Kwa hiyo si rahisi kwetu kujua alichopitia mgonjwa wa ng'ambo aliyengoja kivuko huku mafuriko ya masika yametanda bondeni. Januari 2016 kivuko kilipinduka. Mwaka 2018 daraja lilifunguliwa, na mpaka ule wa maji ukawa safari ya dakika chache.

Hapo ndipo penye hatari. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili watoto wakiuliza maana yake waelezwe. Watoto wetu wanaovuka kwa basi watauliza nini, na nani atawajibu? Mawe yetu ni vitabu vya ubatizo, makaburi ya makatekista na vinywa vya wazee. Kitabu kikiliwa na mchwa, hupotea majina ya walioipokea imani iliyofika kwa mtumbwi.

Basi, juma hili kila familia imwulize mzee mmoja: "Ulivukaje?" Jibu liandikwe. Anayesahau kivuko hudhani daraja lilikuwapo tangu mwanzo, wala hamshukuru Mungu.