Ukumbi Uliowafungia Mlango Waimbaji wa Limuru

Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi si ndefu, ila ina mengi ya kusimulia. Machi 1922 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika huko kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjirũ akawa miongoni mwa waliouawa. Miaka 30 baadaye, mkabala na Hoteli ya Norfolk, Waingereza walifungua ukumbi wa maigizo waliouita wa kitaifa. Ilikuwa Novemba 1952, wiki chache tu tangu serikali ya kikoloni itangaze hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Mwigizaji Ralph Richardson alitoka Uingereza kuja kuufungua. Taifa lililokusudiwa hapo halikuwa la akina Nyanjirũ.

Uhuru ulikuja, lakini ratiba ya ukumbi haikugeuka haraka. Mwaka 1976 tamthilia The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambayo kwa Kiswahili ni Mzalendo Kimathi, ilibanwa katika siku chache ili kupisha maonyesho ya kigeni. Usiku wa ufunguzi waigizaji na watazamaji walitoka pamoja wakiimba na kucheza mpaka barabarani.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha 1982. Wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walikuwa wametunga pamoja na Ngũgĩ tamthilia ya nyimbo, Maitũ Njugĩra. Ilihusu kipande, kile kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, kodi na kazi za shuruti za miaka ya 1930, na ilisimuliwa kwa nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya. Ilipangwa kufunguliwa Februari katika ukumbi huo. Kibali hakikutoka. Walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wamesimama nje. Wakahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache kutoka hapo, na habari zikaenea midomoni. Watu walimiminika kwa maelfu kutazama mazoezi, jioni baada ya jioni, hadi chuo nacho kikafungwa kwao. Mwezi Machi askari walipelekwa Kamĩrĩĩthũ kubomoa ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, ambao wanakijiji walikuwa wameujenga kwa mikono yao.

Ndiyo maana nilipokata tiketi Mei 2022 sikuwa naenda kustarehe tu. Ukumbi wa Nairobi, uliofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2015, ulikuwa unaonyesha Ngaahika Ndeenda, ile tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyopigwa marufuku Novemba 1977, na ambayo baada yake Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Safari hii ilichezwa kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Mimi nilichagua Gĩkũyũ.

Macho yangu yaliganda kwenye hatimiliki iliyotundikwa ukutani katika nyumba ya mhusika Kĩgũũnda: ekari moja na nusu, mali yote ya kibarua huyo. Tunajua mapema kwamba tajiri Kĩoi ataipata, kwa hila ya mkopo wa kugharimia harusi ya kanisani, lakini karatasi ile inaendelea kuning'inia huku watu wakiimba, wakicheza na kupanga maisha. Nyimbo ndizo zinazoibeba tamthilia. Zile za wakati wa Mau Mau zilipoanza, wazee waliokuwa mbele yangu hawakungoja kualikwa. Waliitikia kwa sauti kamili, na waigizaji wakapunguza mwendo ili waende nao.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025. Naamini deni la ukumbi ule kwake na kwa watu wa Kamĩrĩĩthũ bado halijalipwa. Natamani Maitũ Njugĩra ipandishwe jukwaa lile lile, siku nyingi, si usiku mmoja wa wageni rasmi, na kiingilio kiwe ambacho mchuma chai wa Limuru anaweza kukimudu pamoja na nauli ya matatu ya kumrudisha nyumbani.